Vishale vya Saa Tisa

Tonton Raphaël, mjomba wangu, tumemzika wiki iliyopita, na katika matanga yote, pamoja na midomo yote iliyokusanyika pale, hakuna hata mmoja aliyetaja vishale. Walisema alikuwa fundi wa injini za meli, anaweka sikio kwenye chuma na kukuambia inaumwa wapi. Walisema alikuwa mkali, na hapo wote wakacheka, maana kila mmoja alikuwa ameshafokewa naye. Mimi nilikaa chini ya turubai na sahani ya pondu, majani ya muhogo, mapajani, miguu ikinicheza, nikitamani kusimama niwaambie walichosahau. Halafu nikafikiria muda ambao ingenichukua, na namna ambavyo wangetazama chini kwa huruma, nikala pondu yangu. Kigugumizi changu ningali nacho. Watu husema kinapungua na umri. Labda cha kwao. Basi naandika, kwa sababu kwenye karatasi hakuna anayenimalizia maneno.

Mwaka ninaoutaka ni ule niliokaa kwake mtaa wa Kabondo nikiwa msichana wa miaka ishirini na moja, diploma ya shule iko kwenye sanduku, kazi hakuna. Sababu zilizonipeleka kwake tuziache. Nyuma kulikuwa na vyumba viwili vya kulala na jiko la nje, na mbele, upande wa barabara, kulikuwa na ile aliyoiita salle: chumba kirefu cha mabati, mabenchi, na televisheni iliyofungiwa ndani ya kabati la nondo kama mfungwa. Jioni vijana walilipa kidogo wakaingia kutazama mpira. Lakini saa tisa mchana, kabla mtu hajaja, Tonton aliwasha jenereta kwa ajili yake peke yake na kutazama marudio ya mashindano ya vishale vya kutupa ubaoni kutoka Ulaya. Mimi wakati huo nilikuwa natwanga, nafagia, natoka hadi barabarani kutazama toleka zikipita na abiria wameketi nyuma ya baiskeli, narudi jikoni, natoka tena. Mwaka ule sikuweza kukaa, jamani. Ukinituma Makiso, katikati ya mji, kununua chumvi, nilikuwa nimeshafika kwenye lango kabla hujaniambia ya kiasi gani. Meli ikipiga honi kule bandarini, moyo uliondoka nayo, hata kama ilikuwa imebeba mbao tu.

Lazima nieleze kitu kuhusu Kiswahili ambacho mwenye ulimi mwepesi hakioni. Maneno yetu yanaanzia mahali pamoja. Mu, ma, ki, bi: mlango ni mmoja na umati mzima unapitia humo. Mwenye kigugumizi anakwama mlangoni, na anayemsikiliza, kwa haraka na kwa huruma, anachagua mwenyewe nani atoke. Nikisema "ki-ki-" naletewa kiti, kumbe nilitaka kisu. Na Mungu hakuniacha hapo, akanipa na jina la Mado, ili hata kujitambulisha kuwe kazi. Nilipokuwa mdogo nilipigana. Mwaka ule nilikuwa nimeshachoka, nikawa napokea kiti na kukaa juu yake.

Ndipo akaja Gaston. Nisimseme vibaya, maana hakuwa na baya. Alileta samaki wa kukaushwa kutoka Ubundu kwa njia ya reli na kuwauza mjini. Shati lake lilipigwa pasi, hakunywa, alisalimia wakubwa kwa mikono miwili. Tantine Véro, dada yake Papa, ndiye aliyemleta, na kila mtu alimpenda siku hiyohiyo. Jumapili alinipeleka kula kwenye nganda ya mama mmoja karibu na soko. "Unakula nini, Mado?" Mimi: "Ma-ma-ma-" Yeye, uso umejaa furaha ya kunisaidia: "Madesu! Mama, umuletee madesu, anapenda sana." Nilitaka makemba. Nilikula maharagwe kila Jumapili nikitazama ndizi za kukaanga kwenye sahani za wengine, kwa sababu kumsahihisha kungeanzia na ma ileile. Alikuwa ananimalizia maneno kama mtu anayekupokea ndoo ya maji, kwa upendo kabisa, na maji yote yanamwagika kwake. Ungemchukia vipi mtu wa namna hiyo? Sikumchukia. Nilijua tu kwamba nikiolewa naye nitakula madesu mpaka kaburini.

Tantine Véro aliniuliza mapema. Alikuja asubuhi moja, akanikuta naosha sufuria, akajipepea na kitambaa. "Bon, Mado. Gaston unamuona namna gani?" Nilitaka kusema: mumuambie asikuje tena. Ikatoka "Mu-mu-mu-", na Tantine akarusha mikono juu. "Muzuri! Asante Yesu! Nilijua tu!" Akaondoka kwa toleka bila hata kunywa chai, na mimi nikabaki na sufuria mkononi, neno likiwa limenikaa kooni zima. Tangu siku ile mambo yakaanza kwenda bila mimi. Siku ya mahari ikapangwa. Na kila mtu kwetu anajua siku hiyo inavyokwenda: mali inaletwa uani, msichana anaitwa mbele ya watu, na baba anamuuliza kwa sauti, tuchukue ao tusichukue? Lazima ajibu kwa kinywa chake. Kutikisa kichwa hakuhesabiwi, wasichana wote wanatikisa kichwa kwa haya. Na majibu ni mawili tu: Muchukue. Musichukue. Tazama yanavyoanza. Nilipotambua hilo nilikuwa natoka kisimani, nikaweka ndoo chini katikati ya njia, nikacheka peke yangu kama mwendawazimu, halafu nikalia.

Vishale nilianza kuvitazama kwa sababu ya mvua. Ilinyesha mchana mmoja hivi kwamba sikuweza kutoka hadi barabarani, nikaingia salle nikasimama nyuma ya benchi la Tonton. "Kaa," akasema bila kugeuka. Nikasimama. Kwenye televisheni kulikuwa na ukumbi mkubwa uliojaa watu waliokunywa, wamevaa kama kuku, kama maaskofu, kama ndizi, wanaimba. Na mbele yao, juu ya jukwaa, mtu mwenye tumbo, wa umri wa Tonton, anatazama ubao wa duara. Nikafikiri ni vichekesho. Halafu yule mtu akainua mkono, na kila kitu ndani yake kikatulia. Wale kuku na maaskofu waliendelea kupiga kelele, lakini yeye alikuwa ameenda mahali ambapo kelele hazimfikii. Tok. Tok. Tok. Vishale vitatu, karibu karibu, kama nzi juu ya mfupa. Mwita hesabu, yule anayetangaza alama, akavuta sauti ndefu kama mwadhini, ukumbi ukalipuka, na Tonton akajipiga goti: "Cent quatre-vingts! Mia na makumi nane! Umeona? Umeona mwanaume huyo?" Yule mtu akaenda kuchomoa vishale vyake, akarudi, akasogea pembeni mwenzake apite. Kutupa, kwenda, kurudi, kungoja. Nilikaa kwenye benchi bila kujua nimekaa.

Tonton mwenyewe alinifundisha vibaya. Namba zilizokuwa pembeni ya picha aliziona kama alama za mpira, mwenye nyingi yuko mbele, kwa hiyo kwa wiki kadhaa tulishangilia watu waliokuwa wanashindwa na kushangaa kwa nini mwishoni anapewa mkono yule mwenye sifuri. "Wazungu wanaheshimu masikini," Tonton akaeleza. Mimi ndiye niliyeona kwamba hesabu inashuka. Kila mmoja anaanzia mia tano na moja na kupunguza, na lazima afike sifuri kamili, tena kishale cha mwisho kiingie kwenye ule utepe mwembamba wa ukingoni. Akipitiliza hata kwa moja, anarudishwa alipokuwa. Nilichukua muda wangu kumweleza Tonton hayo, muda mrefu, na yeye alinisikiliza akiwa amepunguza sauti ya televisheni, si kwa wema, bali kwa sababu alitaka kweli kujua. Hakunimalizia hata neno moja. Nadhani alikuwa mtu asiyekubali kubahatisha. Injini ilimfundisha hivyo. Tangu siku hiyo mchezaji akipitiliza Tonton alisema "amerudi Ubundu", kule reli inakoanzia, na tukacheka wote wawili mpaka jenereta ikatuzidi kelele.

Watu wameniuliza kunapendeza nini kumtazama mtu anarusha sindano ukutani. Mume wangu ameniuliza, watoto wameniuliza, na mpaka leo nikipata mchezo kwenye simu yangu nautazama hadi betri ife. Mpira ni mzuri, lakini kwenye mpira kila mtu anakimbia, na mimi kukimbia nilikuwa nako ndani tayari. Hapa palikuwa na mtu mmoja aliyesimama. Hana wa kumpasia. Hana refa wa kumlaumu wala upepo. Mpinzani wake yuko nyuma hatua mbili na haruhusiwi hata kukohoa. Ukumbi mzima unaweza kuimba jina lake, unaweza kumzomea, lakini hakuna mtu duniani anayeweza kumtupia kile kishale. Wote wanangoja. Ukiwa na ulimi wangu utaelewa ni anasa gani hiyo, watu elfu kadhaa wamenunua tiketi ili wamngoje mtu.

Mchezaji wetu tulimwita Directeur. Majina yao halisi yalipita upesi mno kwenye picha, kwa hiyo Tonton aliwabatiza: Muchinja Nyama, Harusi, Kasisi Mugonjwa. Directeur alikuwa na miwani kwenye ncha ya pua na suruali yenye mkunjo uliosimama, kamili kama mkuu wa shule anayekuja kukurudisha nyumbani kwa ajili ya sare. Hakuwa wa kwanza kamwe. Alifika katikati ya mashindano akatolewa, na sisi tukampenda kwa hasira, kama unavyompenda ndugu asiyefanikiwa. Halafu, msimu wa mvua ya pili, mkono wake ukakataa. Alisimama kwenye mstari, akainua kishale, mkono ukaenda mbele, na vidole havikuachia. Akaurudisha. Ukaenda tena, ukasimama palepale. Kama mtu anayeonja kwa ncha ya kidole sufuria ambayo bado ina moto. Mara nne, mara tano. Kamera ikamsogelea bila huruma, jasho likaonekana juu ya mdomo. Siku hiyo vijana walikuwa wamewahi mpira, salle imejaa nusu, wakaanza kucheka. "Atupe! Tupa basi, mzee!" mmoja akapiga kelele, na mwingine akaiga mkono unavyotetemeka. Mimi nilikijua kile nilichokuwa nakiona. Nilikuwa nacho kinywani tangu nazaliwa.

Tonton akasimama mbele ya televisheni, akawazibia picha. "Nani anacheka? Mutu iko anatafuta namna yake. Hajamaliza. Wewe unajua anataka kutupa wapi? Unajua? Alors funga mudomo." Wakamwambia ni mchezo tu, papa. Akawarudishia pesa zao na kuwatoa nje wote, kwenye mvua, mpira wao ukawapita, na kesho yake walihama wakaenda salle ya mtaa wa pili. Ilimchukua mwezi kuwarudisha. Tuliendelea kutazama wawili. Mwita hesabu alisimama na mikono nyuma, kimya, hakumharakisha. Directeur akashusha mkono, akaondoka kwenye mstari, akanywa maji, akarudi, akainua. Kishale kilipoachiwa hatimaye kilienda kombo kabisa, hakikufunga chochote, akashindwa, na mara zote zilizofuata mwaka ule alishindwa. Hatukumwacha. Nilianza kuacha sufuria motoni saa tisa ikifika. Nilimtazama akikwama na nikasema kimoyomoyo, chukua wakati, baba, hawana pa kwenda.

Wiki ya mwisho kabla ya mahari nilisikia maongezi ambayo hayakuwa yangu. Tantine Véro na Tonton walikuwa salle, mimi nyuma ya ukuta wa mabati, naanika nguo. "Mutoto amekubali," Tantine alisema, "mimi mwenyewe nilimuuliza." Tonton: "Alisema namna gani?" "Alisema muzuri." "Alisema muzuri, ao alisema mu?" Kisha Tantine, sauti imepanda: "Raphaël, mutoto wa kike ya vile, mwenye kusema vile, atapata nani tena? Gaston anamuelewa! Anajua anataka nini mbele hajasema!" Nilingoja Tonton ajibu kitu cha kunitetea. Akasema tu kwamba mahindi yake ya kuchoma yanapoa. Nilikasirika naye. Usiku na mchana nikafanya mazoezi, nikitembea uani kutoka jikoni hadi lango, lango hadi jikoni: hapana ilinitoka hewa tupu, sitaki ikawa mluzi wa nyoka, non ikanishika puani. Musichukue ilifika mu na kugoma. Kuku walinizoea wakaacha kukimbia.

Jumamosi yenyewe ilikuwa kwa Papa, Mangobo, na mvua ilikuwa inapiga mabati. Mbuzi wawili walifungwa chini ya paa la jiko, gunia la chumvi, blanketi, taa, kitambaa cha Mama kikiwa kwenye mfuko wake unaong'aa. Tonton aliketi upande wa wajomba, amevaa koti la zamani la bandarini, kofia gotini, amenuna. Gaston alikuwa mbele yangu, msafi, anatabasamu kwa kunitia moyo. Nilivalishwa, nikaletwa, nikasimama katikati. Papa naye alisimama. Alikuwa na furaha, na hilo ndilo liliniuma kuliko yote. "Mado, mutoto wangu. Hawa watu wamekuja na mali kwa ajili yako. Uko unaona. Tuchukue, ao tusichukue?"

"Mu-" nikasema. "Mu-mu-"

Gaston akainama kidogo, akanisaidia kama kawaida yake, taratibu, midomo yake ikinionyesha. "Muchukue," akasema kwa ajili yangu.

Tantine Véro akapiga kigelegele. Wanawake wakamfuata, kijana wa spika akafungulia muziki, mtu akashika kamba ya mbuzi, Papa akanyoosha mikono kwa baba yake Gaston. Yote hayo mimi nikiwa bado nimesimama na mu mdomoni. Hakuna aliyenitazama tena. Nilikuwa nimeshaolewa, na neno langu lilikuwa bado liko njiani.

"Zima!" Tonton alikuwa juu ya miguu yake, kofia imeanguka. "Zima ile kelele! Nani amesema? Mimi nimesikia mu. Mu tu! Nani hapa amesikia ingine?" Muziki ukakatika. Tantine akamshika koti. "Raphaël, kwa jina la Mungu, unataka kutuletea haya mbele ya watu?" "Mutoto iko anasema," Tonton akamjibu, akauondoa mkono wake kwenye koti. "Hajamaliza. Mungoje." Baba yake Gaston alisema jambo kuhusu mvua na safari yao ndefu. Tonton akamtazama kama alivyowatazama wale vijana. "Na wewe pia, papa, pardon, ngoja."

Wakangoja. Sijawahi kusikia mabati yakipigwa kwa sauti namna ile. Niliwaona wote, nyuso arobaini, midomo ikitaka kunimalizia. Nilijaribu, nikakwama. Nilijaribu tena. Mtu akakohoa na Tonton akageuka, mtu akaacha kukohoa. Nikafunga kinywa. Nikasogea pembeni hadi kwenye pipa la maji ya mvua, nikachota kwa kiganja, nikanywa, na nilisikia Mama akinong'ona, "Anakimbia." Sikukimbia. Nilirudi mahali pangu, nikasimama. Hofu ilikuwapo ileile, lakini haraka ilikuwa imenitoka, kwa mara ya kwanza mwaka mzima sikutaka kwenda popote.

"Mu," nikasema. "Mu-si. Mu-si-chu-. Musichukue."

Tantine alikaa chini juu ya gunia la chumvi. Papa alishusha mikono yake polepole, akanitazama, si kwa hasira bado, hiyo ilikuja baadaye na ilikaa muda mrefu. Alinitazama kama mtu anayejaribu kutambua sauti ya nani ameisikia. "Lakini kwa nini, Mado?" akauliza. "Mwaka muzima. Kwa nini haukutuambia?"

Lo, hilo lilikuwa swali refu. Nikavuta kiti nikakaa, maana niliona tutakuwa hapo hadi jioni. Nikavuta pumzi, nikaanza, na neno la kwanza kabisa likanishika. Gaston akafungua kinywa. Nikamtazama. Akakifunga, akaweka mikono yake magotini, akangoja.